NYUZI ZA UMEME DARINI



Kila likizo inapokaribia, wengi wetu tunaitwa «fundi» nyumbani, eti kwa sababu tumesoma fizikia. Baba amenunua pano ya jua, batri na ampule tatu, naye anangoja mtoto atoke shule amfungie. Basi tuseme habari za darini, maana huko ndiko kazi mbaya inakofichwa.

Wengine wanasema volti 12 haiui mtu, kwa hiyo hapana hatari. Ni kweli, gurupe ya volti 220 yaweza kuua mara moja, na ile 12 ni vigumu. Lakini moto ni jambo lingine. Tuhesabu. Chombo cha wati 60 kwa volti 220 kinavuta amperi 0,27 tu. Kwa volti 12 kinavuta amperi 5. Nazo amperi ndizo zinazopasha waya joto, tena kwa mraba wake, kama Joule alivyoonyesha mwaka 1841. Chukua waya mwembamba wa milimita za mraba 0,5 hadi chumba kilicho mita 10. Kwenda na kurudi ni mita 20, ni omu 0,7. Amperi 5 zikipita, volti 3,5 zinapotea njiani. Ndiyo sababu ampule ya chumba cha mwisho inalia usingizi! Kwa waya wa 1,5 zinapotea 1,2 tu.

Joto lililoenea mita zote 20 haliwashi kitu. Shida ni kiungo. Nyuzi mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa kipande cha mfuko wa plastiki, zinalegea, na joto lao lote linakaa mahali padogo kama kucha. Na chini yake mu nyumba zetu nyingi ni dari ya mikeka au matete, na chini ya mikeka ni watoto wamelala. Kiungo kiwe na domino, ndani ya bwati, mahali mkono unafika.

Torati (Kumbukumbu 22:8) inamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukuta kando ya dari, mtu asianguke. Dari yao ilikuwa paa la kukaa juu, yetu ni ya panya. Lakini mwenye nyumba ni yule yule.

Panya wanatafuna plastiki, kwa hiyo pitisha waya mu bomba. Usiulaze juu ya manjanja wala kwenye ncha yake: bati linakata, na kama ni umeme wa gurupe, paa zima linakuwa na umeme. Tena saa nane mchana kule juu ni tanuru, na plastiki ya kawaida imefanywa kwa digrii 70. Upigilie ubavuni mwa mti wa dari, si juu yake pale fundi mwingine atakapokanyaga. Kwenye paa la nyasi tunasema wazi: usipitishe kabisa, shusha waya ukutani.

Fizibule ya amperi 10 ikae karibu na ncha ya kujumlisha ya batri, kabla waya haujapanda. Batri ikigusanisha nyuzi inatoa mamia ya amperi. Ile karatasi ya fedha ya sigara wanayoweka badala ya fizibule haikati kitu kwa wakati. Na batri yenyewe isipande darini: inapojazwa inatoa hidrojeni, iwekwe chini, penye hewa, mbali na taa ya mafuta.