JIWE MOJA, HERUFI MBILI

Muhula uliopita nilipoteza chapati mbili kwa sababu ya jiwe. Nilibishana na mwenzangu nikidai eti floraiti angavu ya Bonde la Kerio yafaa kazi yoyote ya mwanga. Mwalimu wetu wa Fizikia hakusema neno. Aliweka vipande viwili vya mawe juu ya gazeti. Chini ya kalisiti, kila herufi ilionekana mara mbili. Chini ya floraiti yangu, mara moja tu!

Kwa nini? Ndani ya kalisiti, kaboni moja na oksijeni tatu huunda pembetatu bapa, nazo pembetatu zote zimelala sambamba, kama chapati kwenye sahani. Mwanga ukiingia hugawanyika: sehemu moja hupindwa kwa kipimo cha 1.66, nyingine 1.49. Tofauti ni 0.17. Fuwele ya floraiti ina mpangilio wa mchemraba, kila upande sawa, kwa hivyo haigawi kitu.

Lakini mgala muue na haki umpe. Kuna mwanga usioonekana, urujuanimno, wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 400. Kioo cha dirisha la matatu ya Kawangware hupitisha jua tunaloliona, ila mawimbi mafupi ya urujuanimno huyazuia. Floraiti huyapitisha hadi karibu nanomita 130. Ndiyo maana fuwele zake safi, zinazokuzwa viwandani, hutumiwa katika lenzi za mashine zinazochora saketi za kompyuta kwa mwanga wa nanomita 193. Hapo kalisiti ni ukuta.

Basi, mbunifu anayetaka kuugawa mwanga huo mfupi afanyeje? Floridi ya magnesiamu huupitisha na kuugawa, lakini tofauti yake ni 0.012 tu. Njia nyingine ni kuhifadhi umbo bapa na kubadilisha atomu: boroni mahali pa kaboni, pamoja na chuma kisichomeza urujuanimno. Hivyo ndivyo ilivyo borati ya bariamu aina ya alfa. Pete zake bapa huleta tofauti ya 0.12, na mwanga hupita hadi karibu nanomita 190.

Kuanzia miaka ya 1970, floraiti ya Kimwarer ilichimbwa, ikasagwa na kusafirishwa ng'ambo kutengenezea asidi. Wenzangu, tukijua atomu zimepangwaje ndani ya jiwe, huenda siku moja tukakuza fuwele zetu hapa hapa. Chapati nilishalipa, na somo nimelipata.