Kikohozi cha Fundi Rangi: Si Kila Mara Ni Baridi ya London

Leo tunazungumza na ndugu zetu wanaofanya kazi za bodi na rangi za magari hapa London. Wapo walioajiriwa gereji, wapo wanaojitegemea kwenye vibanda vya chini ya madaraja ya reli, na wapo wanaotengeneza gari la zamani nyuma ya nyumba kila Jumamosi. Tunawalenga hasa wanaofufua magari ya kale ya mashindano yenye bodi ya faibaglasi, kwa sababu kazi hiyo ina hatari isiyoonekana kwa macho, na mara nyingi haina hata harufu.

Kama wewe si fundi lakini una mume, kaka au mtoto anayefanya kazi hii, soma mpaka mwisho kisha umsomee.

KWA NINI MAGARI HAYA?

London ni moja ya sehemu ambako magari ya aina hii yalizaliwa. Kampuni ya Lotus ya Colin Chapman ilianzia Hornsey, kaskazini mwa jiji. Mwaka 1957 ilionyesha gari la Lotus Elite kwenye maonyesho ya Earls Court, gari ambalo bodi na chasisi vilikuwa kitu kimoja cha faibaglasi. Lola ya Eric Broadley nayo ilianzia Bromley mwaka 1958. Mengi ya magari ya enzi hizo bado yapo, na wenye nayo hulipa vizuri yarudi katika hali yake ya kwanza. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua pia East African Safari Classic Rally, iliyoanza mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari Rally ya kwanza ya mwaka 1953. Humo yanakimbia magari ya zamani, na baadhi yake hutengenezwa hapa Uingereza.

Kazi ipo basi, na ina heshima yake. Lakini faibaglasi si bati. Bati unaweza kulipiga mchanga kwa mashine au kulipaka dawa kali ya kuvua rangi. Faibaglasi ukiifanyia hivyo unaiharibu, kwani mchanga unaitoboa na dawa inakula resini. Kwa hiyo fundi hukaa siku nyingi akipiga msasa kwa mkono, akiziba nyufa kwa resini, kisha anapiga rangi. Hatua hizo tatu zina hatari tatu tofauti. Tuziangalie moja moja.

1. VUMBI LA MSASA

Faibaglasi ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikwa na resini. Ukizipiga msasa zinakatika na kuruka. Zinachoma ngozi, zinawasha macho na kukwaruza koo. Tusiogopeshane: nyuzi hizi si sawa na asbesto. Lakini gari la kale lina mambo mengine. Rangi zake za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na breki au gasketi zake za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Kwa hiyo usipulize vumbi la breki kwa kompresa, na usidharau vumbi la rangi ya kale. Risasi inadhuru zaidi watoto wadogo, na fundi anaweza kuipeleka nyumbani kwenye nguo na viatu vyake.

Ushauri:
- Piga msasa wa maji kila inapowezekana, au tumia mashine yenye kivuta vumbi.
- Vaa barakoa ya vumbi ya daraja la P3 inayobana vizuri usoni. Ndevu huiachia nafasi, na vumbi hupita hapo.
- Ukiwashwa usijikune. Bandika utepe wa gundi kwenye ngozi na uubandue ili utoe nyuzi, kisha osha kwa maji mengi na sabuni.
- Nguo za kazi zibaki kazini au zifuliwe peke yake. Usimbebe mtoto kabla hujabadilisha nguo na kunawa.

2. RESINI NA DAWA YAKE YA KUGANDISHA

Harufu ile kali ya resini inatokana na kemikali iitwayo stairini. Ikizidi inaleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Fanya kazi hii penye hewa inayopita. Mlango kufunguliwa nusu mwezi wa Januari hautoshi.

Dawa ya kugandisha resini ni hatari kwa namna nyingine: tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Vaa miwani ya kinga inayofunika pande zote kabla hujafungua chupa. Ikikurukia, osha jicho palepale kwa maji yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali kitengo cha dharura hata kama maumivu yamepungua. Usichanganye kamwe dawa hiyo moja kwa moja na ile ya kuharakisha resini, kwani mchanganyiko huo hulipuka. Na resini iliyobaki usiiache imejaa kwenye kopo, maana inapoganda hupata joto kali na inaweza kuwaka moto.

3. RANGI YENYE HADINA: ADUI MKUBWA

Hapa ndipo tunaomba usikivu wako wote.

Rangi nyingi za magari za siku hizi zinachanganywa na hadina. Ndani ya hadina hiyo mara nyingi mna kemikali ziitwazo isosianati. Angalia kopo: ukiona neno "isocyanate" ujue ndiyo hiyo. Inaweza kuwa kwenye praima, kwenye rangi, kwenye vanishi ya juu, na hata kwenye makopo madogo ya kupuliza yenye hadina ndani yake.

Ukipuliza rangi hii, ukungu wake mwembamba unajaa chumba kizima, na katika mwanga wa kawaida huuoni. Pua nayo haikusaidii, kwa sababu mpaka uisikie harufu ya isosianati utakuwa umeshavuka kiwango cha usalama. Kwa miaka mingi HSE, mamlaka ya usalama kazini hapa Uingereza, imekuwa ikionya kwamba wapiga rangi za magari wanaotumia isosianati wako katika hatari ya kupata pumu mara 80 hivi kuliko wafanyakazi wengine.

Ubaya wa isosianati ni kwamba mwili unaweza kuikataa. Unaweza kupiga rangi miezi au miaka bila shida yoyote, kisha siku moja kifua kikaanza kubana. Ukishafika hapo, hata kiasi kidogo sana kinaweza kuamsha pumu, na hakuna dawa ya kuurudisha mwili ulivyokuwa. Mtu anaweza kupoteza ufundi wake wa maisha. Ndiyo maana kusema "mimi nimezoea" hakuna maana hapa.

MAZIWA HAYASAIDII

Wengi wetu tulifundishwa gereji za nyumbani kwamba ukimaliza kupiga rangi unywe maziwa yasafishe kifua. Ndugu, maziwa yanakwenda tumboni. Rangi imekwenda kwenye mapafu. Ni njia mbili tofauti. Kunywa maziwa kwa kuwa unayapenda, lakini usiyafanye kinga. Kitambaa kilichofungwa puani hakifai, barakoa ya vumbi haifai, na ile ya hospitali tuliyoizoea wakati wa korona haifai pia.

KINGA YA KWELI NI HII

- Pulizia rangi ndani ya chumba maalum cha rangi chenye feni ya kuvuta hewa nje. Hakikisha kinakaguliwa na kinafanya kazi.
- Vaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka kompresa yenye vichujio vinavyofaa kupumulia. Barakoa ya chujio peke yake isikutoshe kwa kupulizia, hata kama kazi ni ya mlango mmoja tu.
- Usiinue kioo cha barakoa ili utazame rangi ilivyokaa. Hili ni kosa la kila siku. Mkono ukiacha kupuliza, ukungu bado upo.
- Jua muda ambao chumba chako kinachukua kusafika hewa. Muda huo hupimwa kwa moshi na huandikwa mlangoni. Kabla haujaisha, asiingie mtu bila barakoa ya hewa, na wewe usivue yako.
- Vaa glavu na ovaroli hata wakati wa kuchanganya rangi na kuosha bomba la kupulizia. Isosianati ikigusa ngozi nayo ina madhara.
- Kama unafanya kazi nyuma ya nyumba na huna vifaa hivi, usipulize rangi ya hadina. Fanya msasa na matengenezo mengine, kisha lipeleke gari kwenye chumba cha rangi chenye vifaa. Gharama hiyo ni ndogo kuliko mapafu yako, na jirani yako naye hatavuta ukungu wako.

JE, NI BARIDI AU NI RANGI?

Tukija Ulaya, kila kikohozi tunakiita baridi. Lakini jiulize maswali haya:

1. Je, unakohoa, unabanwa kifua au unapumua kwa mluzi? Dalili zinaweza kuanza saa kadhaa baada ya kazi, hata usiku wa manane.
2. Je, unapata nafuu siku za mapumziko, kisha Jumatatu au Jumanne hali inarudi?
3. Je, ulikwenda nyumbani wiki tatu, Dar, Mombasa au Bujumbura, ukapona kabisa, na uliporudi kazini ikaanza upya?

Watu wengi husema, "Joto la nyumbani limenisaidia." Inawezekana. Lakini inawezekana pia kilichokusaidia ni kukaa wiki tatu mbali na rangi. Tofauti ya maelezo hayo mawili ni kubwa, kwa sababu anayeachana na isosianati mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kupata nafuu kuliko anayevumilia. Anayevuta dawa ya pumu huku akiendelea kuvuta rangi anafunika moto kwa majani makavu.

UKIONA DALILI

Nenda kwa GP wako, na mwambie maneno haya bila kuficha: "Kazi yangu ni kupiga rangi za magari, na rangi ina isosianati." Usipomwambia, atakutibu kama mwenye pumu ya kawaida na kukurudisha kulekule. Anaweza kukupa kifaa kidogo cha kupuliza ili upime nguvu ya pumzi mara kadhaa kwa siku, siku za kazi na siku za mapumziko. Anaweza pia kukupeleka kwa wataalamu. Hapa London, hospitali ya Royal Brompton ina kliniki ya magonjwa ya mapafu yatokanayo na kazi.

Kujiandikisha kwa GP ni bure, na hakuhitaji viza wala uthibitisho wa makazi. Kama Kiingereza chako si kizuri una haki ya kuomba mkalimani. Tiba za wataalamu hospitalini huweza kutozwa kwa baadhi ya wageni kulingana na hali ya ukaaji wao, kwa hiyo uliza mapema. Lakini mtu akishindwa hata kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikabadilika rangi, piga 999 mara moja.

HAKI ZAKO KAZINI

Chini ya kanuni za COSHH za mwaka 2002, mwajiri lazima adhibiti kemikali hizi. Vifaa vya kinga anakupa bila kukukata mshahara. Mpiga rangi anatakiwa kupimwa pumzi kabla ya kuanza kazi, wiki chache baadaye, na kila mwaka. Kipo pia kipimo cha mkojo, kinachochukuliwa mwisho wa kazi, kinachoonyesha kama isosianati imeingia mwilini. Ukitakiwa kupima usiogope kwamba unatafutiwa madawa ya kulevya. Kipimo hiki kinaangalia kinga yako inafanya kazi au la.

Aliyeajiriwa akapata pumu kutokana na isosianati anaweza kuomba fidia ya serikali iitwayo Industrial Injuries Disablement Benefit. Aliyejiajiri hapati. Kwa hiyo kabla ya kukubali kuandikwa "umejiajiri" katika gereji ya mtu, jua unachokiacha. Malalamiko kuhusu gereji isiyo salama yanapelekwa HSE, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe.

Ndugu msomaji, gari la mwaka 1960 linaweza kufufuliwa mara nyingi kadiri mwenye nalo anavyotaka. Ukipasuka paneli, utaunda nyingine. Mapafu hayana paneli ya akiba. Wiki hii, kabla ya kufungua kopo lijalo, soma lebo ya hadina, ukague mpira wa hewa, na kama una kikohozi cha muda mrefu, piga simu kwa GP upange siku ya kuonana naye.

Maelezo haya ni ya elimu kwa jumla na hayachukui nafasi ya daktari wako. Kinga ni bora kuliko tiba.