Beseni Langu, Upepo wa Mtera na Jina la Mungu



Leo naanza na deni. Kwenye semina ya vijana wa kigango chetu hapa Mtera nilileta beseni lililotobolewa chini, nikalijaza maji ya bwawa, nikasema: "Tazameni, maji yanashuka yakizunguka upande huu kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Mungu ameandika kanuni yake hata ndani ya beseni." Mchezo wenyewe niliuona kwenye video, wanavyoonyeshwa watalii kule Nanyuki, Kenya, na Kayabwe, Uganda. Makofi yakapigwa.

Jumapili baada ya Misa, binti mmoja wa Kidato cha Pili akanifuata. "Shikamoo kaka. Nimejaribu nyumbani mara kumi. Mara sita yamezunguka huku, mara nne kule. Sasa Mungu kaandika kipi?"

Nikaomba wiki moja. Nimesoma, na binti yuko sahihi.

Kanuni ipo kweli. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na ardhi ya ikweta ndiyo inayokimbia kuliko zote, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Hewa inayotoka kusini kuja ikweta inatoka penye mwendo mdogo kwenda penye mwendo mkubwa, hivyo inaachwa nyuma na kupinda kushoto. Ndiyo maana upepo wetu wa kiangazi hutoka kusini mashariki. Ni kusi ile ile ya watu wa pwani. Ikishavuka ikweta inapinda kulia, inaelekea Uarabuni na India, na manahodha wa majahazi waliitegemea karne nyingi kabla mtu hajaiandikia hesabu.

Tamu zaidi ni hii. Hewa hukimbilia penye mgandamizo mdogo, kama maji yanavyokimbilia shimoni. Ila ikisafiri mbali, mzunguko wa dunia unaisukuma pembeni mpaka misukumo miwili inalingana, mmoja ukivuta ndani, mwingine nje. Hapo hewa haiingii shimoni tena, inalizunguka. Wataalamu huita mizani ya kijiostrofiki. Huku kusini, ukiupa upepo wa namna hiyo mgongo, mgandamizo mdogo uko kulia kwako. Kwenye ikweta yenyewe msukumo wa pembeni unaisha, na mizani hiyo haipo. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024, kilizunguka kama mshale wa saa kwa msukumo huo huo.

Sasa beseni. Hapa Mtera, nyuzi 7 kusini, msukumo ni dhaifu mno: kitu kinachoteleza bila kizuizi kingehitaji siku nne hivi kumaliza duara moja. Beseni langu liliisha maji kwa dakika moja! Kilichoamua upande ni mkono wangu nilivyomimina.

Katika kusoma nikakutana na Mjesuiti, Padre Giovanni Battista Riccioli. Mwaka 1651, katika kitabu chake *Almagestum Novum*, aliandika kwamba kama dunia inazunguka, basi risasi ya mzinga ikipigwa kuelekea kaskazini lazima ipinde pembeni. Hiyo ni miaka 184 kabla ya maandishi ya Mfaransa Coriolis, ambaye msukumo huo umepewa jina lake. Kwa kuwa hakuna aliyeuona upindaji huo, Riccioli akahitimisha kwamba dunia imesimama. Hoja ilikuwa safi. Mizinga ya zama zile ndiyo haikuweza kuonyesha jambo dogo vile. Yeye alikataa kilichopo kwa kuwa hakionekani. Mimi nilionyesha kisichokuwepo, tena nikakibandika jina la Mungu, na hilo ndilo linaloniuma. Mtoto akigundua beseni ni uongo, ataiamini vipi Injili niliyoifungua dakika tano baadaye?

Nilishawishika kujiokoa na Mhubiri 1:6, anapozungumzia upepo unaozunguka kusini na kaskazini. Lakini Mhubiri pale analalamikia uchovu wa mambo yasiyoisha, hafundishi hali ya hewa. Lingekuwa beseni la pili.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya vijana nikakiri. Binti akanyoosha mkono: "Kwa hiyo kaka, haiwezekani kabisa kuliona?" Nikamweleza kuhusu Ascher Shapiro wa Marekani, ambaye mwaka 1962 alitumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, akayaacha maji yatulie siku nzima ndipo akazibua tundu dogo, na maji yakazunguka upande ule hesabu ilivyosema. Yeye alikuwa mbali na ikweta. Hapa kwetu itakuwa ngumu zaidi.

Tangi hatuna. Jumamosi tunaanza kulitafuta.