Somo: Kompyuta ya zamani isituponze

Wapendwa, hapa Kasense tunayo kompyuta ya zamani yenye Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwaka 2014. Hesabu za vikundi vyetu vya kuweka na kukopa zimo humo, katika programu tuliyoizoea.

Prosesa yake ni ya biti 32, nayo Windows 11 inadai biti 64. Hata hivyo, kompyuta mpya ya biti 64 inaweza kuendesha XP ndani ya programu inayoiga kompyuta, kama VirtualBox.

Basi tufanye hivi:
1. Tunakili hesabu kwenye flashi mbili, zitunzwe mahali tofauti.
2. XP tusiiunganishe na intaneti.
3. Tuijaribu kwenye mashine mpya kabla ya zamani haijafa.

Akiba ya mjane isipotee kwa uchakavu wa mashine.