SOMO: WATI ZILIZOANDIKWA NA WATI ZILIZOPO

Leo tunataka kufundishana juu ya jambo lililokula fedha za familia nyingi hapa kambini: kununua sabufa au amplifaya kwa kuangalia namba kubwa iliyoandikwa mbele.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Baada ya kuuza maharagwe, tulinunua sabufa yenye maandishi ya dhahabu: 3000W PMPO. Mama wa nyumbani akauliza, "Baba, sola yetu hii ndogo itaweza wati elfu tatu?" Tukamjibu kwamba muuzaji amesema itaweza. Siku ya harusi ya kijana wa jirani tuliazima jenereta, tukaitoa sabufa nje na kufungua sauti mpaka mwisho. Ikaanza kukwaruza, na kabla chakula hakijagawiwa spika ndogo ya juu ilikuwa imenyamaza kabisa. Fundi alipoigeuza, tukaona kibandiko kidogo nyuma: volti 220, wati 45. Mama aliuliza swali zuri, na sisi hatukulisikiliza.

1. WATI NI NINI?

Wati ni kipimo cha nguvu, kama vile kilo ni kipimo cha uzito. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Adapta ya volti 12 na ampea 3 inatoa wati 36. Amplifaya haizai nguvu. Inapokea umeme na kuupeleka kwenye spika, na sehemu ya umeme huo inapotea kama joto. Amplifaya nyingi za mtindo wa zamani hupoteza karibu nusu; zile za daraja D hupoteza kidogo tu. Kwa hiyo chombo kinacholishwa wati 36 hakiwezi kuimba saa nzima kwa wati 100, sembuse 3000.

2. NAMBA KUBWA INATOKA WAPI?

PMPO ni nguvu ya kitambo kidogo sana, chini ya kupepesa jicho. Mara nyingi huongezwa spika zote pamoja ili namba inenepe. Hakuna njia moja ya kuipima ambayo watengenezaji wote wanaifuata, hivyo kila mmoja aweza kuandika apendavyo. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS, maana yake nguvu ambayo chombo kinaitoa mfululizo bila kuchoka.

Udanganyifu huu haukuanza kwetu. Huko Marekani watengenezaji wa vyombo vya muziki vya nyumbani walishindana kwa namba za ajabu, mpaka mwaka 1974 tume ya serikali inayosimamia biashara ikaweka kanuni kwamba nguvu ipimwe mfululizo. Mwaka 2024 kanuni hiyo ilikazwa: kipimo kifanyike kwa omu 8, kuanzia sauti nene ya hezi 20 hadi nyembamba ya hezi 20,000, na upotovu wa sauti uwe chini ya asilimia 1. Kanuni hiyo haifiki kwenye soko letu, lakini inatufundisha kuuliza: wati ngapi, kwa omu ngapi, na sauti ikiwa safi kiasi gani?

3. WATI MARA MBILI SI SAUTI MARA MBILI

Ukitoka wati 10 kwenda 20, sauti inaongezeka desibeli 3 tu. Sikio linasikia tofauti, lakini si kubwa. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, inahitajika nguvu karibu mara kumi.

Spika nazo hazilingani. Spika ya desibeli 90 kwa wati moja, ikipimwa mita moja mbele yake, ikipewa wati 10 italingana na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati 20. Kwa sisi wa betri na sola, spika nzuri ni akiba ya umeme.

4. KWA NINI SPIKA INAUNGUA?

Amplifaya ikilazimishwa kupita uwezo wake, inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, kama majani yaliyofyekwa kwa panga. Hapo ndipo tunasikia kukwaruza. Mawimbi yaliyokatwa hupeleka nguvu nyingi mno kwenye spika ndogo ya juu, na waya wake mwembamba unaungua. Ndiyo maana hata amplifaya dhaifu inaweza kuua spika. Ikianza kukwaruza, punguza sauti mara moja, hata kama vijana watalalamika.

Tuangalie na omu pia. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Amplifaya isiyoruhusu omu 4 itavuta umeme mwingi, itapata joto, na inaweza kuungua.

5. KABLA YA KUTOA FEDHA

(a) Geuza chombo, usome kibandiko cha nyuma au cha adapta. Zidisha volti kwa ampea.
(b) Tafuta neno RMS. Kama halipo, usiamini namba ya mbele.
(c) Omba kiwashwe. Ongeza sauti polepole, ukisikiliza maneno ya mwimbaji. Yakikwaruza mapema, hapo ndipo mwisho wake.
(d) Linganisha omu za spika na zile zilizoandikwa kwenye amplifaya.
(e) Nenda na mtu anayeuliza maswali. Sisi sasa tunakwenda na mama.

Kwa chumba cha kukaa familia, wati 10 au 20 za kweli zenye spika nzuri zinatosha kabisa. Fedha inayobaki ni sabuni na madaftari ya watoto.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Adapta imeandikwa volti 12, ampea 2. Je, chombo chake kinaweza kutoa wati 500 mfululizo? Elezeni sababu.
2. Someni kibandiko cha redio yenu. Mbele imeandikwa wati ngapi, na nyuma ngapi?
3. Je, tunaponunua vitu vingine, tunasoma nyuma au tunaishia mbele?

Amani iwe nanyi. Ni sisi watumishi wenzenu.