Usimlishe Mtoto Maneno

Kijitabu kwa wazazi na walezi wanaomleta mtoto kwa afisa ustawi wa jamii

Kwa nini tumeandika
Yametufikia malalamiko mengi ya wazazi walioambiwa wakae kwenye benchi nje wakati mtoto anahojiwa. Wapo wanaodhani kesi imeshauzwa. Sivyo. Mzazi hutolewa nje ili mtoto asikilizwe.

Mahojiano yanavyokwenda
Afisa huzima simu na kukaa karibu na mtoto, bila meza katikati. Huanza na habari za shule na michezo, kisha humwambia, "Nieleze ilivyokuwa." Hamuulizi, "Ni mjomba, eti?" Mtoto aliyelelewa kutowabishia wakubwa ataitikia tu. Mtoto akinyamaza, afisa naye hungoja. Akisema "alinifanyia tabia mbaya", tunaandika hivyo hivyo, halafu tunamwomba aeleze tabia hiyo ni ipi.

ONYO
Usimfundishe cha kusema, nyumbani wala njiani. Usimjibie. Usimkazie macho. Usimzungushe kwa shangazi, kwa mwalimu na kwa mwenyekiti wa mtaa ili kila mmoja asimuliwe upya.

Katika makosa ya kujamiiana, sheria ya Tanzania inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba amesema kweli. Wakili akimuuliza, "Nani alikufundisha?", naye akajibu, "Mama", mtuhumiwa anaweza kurudi mtaani kwenu. Tunarudia: usimlishe maneno.

Una lako la kueleza? Utasikilizwa, kwa zamu yako, bila mtoto kuwepo.

Anayehudumiwa
Kila aliye chini ya miaka 18, bila malipo. Mengine utaelezwa ofisini.

Usichelewe
Mtoto akibakwa, usimwogeshe wala usifue nguo zake. Mpeleke hospitali mara moja; dawa za kuzuia VVU zina nafasi ndani ya saa 72 tu. Kwa msaada piga 116, simu ya bure.

Neno la mwisho
Maafisa wetu wamefunzwa kusikiliza, na kazi hiyo tunajivunia. Lakini mtoto akifika na maneno ya mtu mzima, hatuna tena cha kusikiliza. Mkiwa njiani mwambie haya tu: "Hujakosa. Sema kama ilivyokuwa." Kisha kaa kwenye benchi, umngoje.