Bitcoin yangu imeibwa: je, ni mali?

Swali: Wakili, mimi nauza maembe hapa Wote, Makueni. Nilimwachia fundi simu yangu mjini Kitui, akayaona maneno 12 ya siri ya pochi yangu. Jioni hiyo Bitcoin zangu zote zikahamishwa. Polisi wananiuliza kilichoibwa ni kitu gani hasa. Je, sikuwa na mali?

Jibu: Ulikuwa nayo, ndugu yangu. Ibara ya 260 ya Katiba ya 2010 haiishii kwenye shamba na bidhaa. Inataja pia fedha na haki za kudai, na Ibara ya 40 inazilinda. Mahakama ya Uingereza ilikubali mwaka 2019 kwamba Bitcoin ni mali, nasi tuna sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali ya 2025.

Ugumu uko kwenye Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 267 kinazungumzia kitu kisicho na uhai kinachoweza kuhamishwa, lugha ya zama za mwizi wa gunia. Mtetezi hodari atauliza: Bitcoin hubebwaje? Kwa hiyo usitegemee shtaka la wizi peke yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaadhibu kuingia bila idhini na ulaghai wa kompyuta, na hapo ubishi huo haumsaidii sana mtuhumiwa.

Rudi kituoni leo hii, uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na upeleke anwani ya pochi ambako Bitcoin zako zilipelekwa pamoja na namba ya muamala.